Mwezi Kwanza, Kisiwa Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Visiwa vya Thailand

Toleo lililopita niligusia kisiwa cha Koh Samui, kwamba mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulala hatua chache kutoka baharini bila kuuza kiwanja. Barua zimefuatana tangu siku hiyo. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za Entebbe kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na Thailand nimekwenda kwa pesa yangu mwenyewe, kama mgeni yeyote anayelipa. Nikionyeshwa picha ya chumba, natafuta kwanza kile ambacho mpiga picha amekificha.

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa hapa Jinja wiki ya tatu ya Novemba. Wakala mmoja ametupatia bei nzuri sana ya siku saba Koh Samui, banda la peke yetu mbele ya bahari ufukwe wa Chaweng, pamoja na kifungua kinywa. Anataka tulipe yote mwezi huu. Ssenga wangu, yaani dada yake baba, anasema bei kama hiyo haiji mara mbili. Wewe unasemaje?*
Bibi harusi mtarajiwa, Jinja

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usilipe bado.

Bei imeshuka kwa sababu Novemba ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Koh Samui. Kisiwa hicho kiko mashariki, ndani ya Ghuba ya Thailand. Kuanzia Oktoba hadi Desemba upepo wa kaskazi huvuka ghuba, hubeba maji na kuyamwaga pale. Chaweng imetazama mashariki, kwa hiyo ndiyo inayopokea mawimbi ya kwanza. Unaweza kukaa siku tatu mfululizo ukiangalia bendera nyekundu ya kukataza kuogelea, na lile banda zuri la mbele ya bahari likawa ndilo linalopigwa na upepo kuliko mabanda yote. Mvua yenyewe si hii yetu ya Jinja inayonyesha alasiri kisha jua likarudi. Inaweza kuanza usiku na kukaa mpaka kesho yake jioni.

Lakini msivunje safari. Thailand ina bahari mbili, na jambo hili ndilo ningependa kila msomaji alikumbuke kabla hajafungua tovuti yoyote ya hoteli. Mashariki kuna Ghuba, ambako kuna Samui, Phangan na Tao. Magharibi kuna bahari ya Andaman, ambako kuna Phuket, Krabi na Koh Lanta. Kaskazi ikivuma, milima ya ile rasi nyembamba huikinga Andaman, kukawa na jua kuanzia Novemba mpaka Aprili. Upepo ukigeuka, kuanzia Mei mpaka Oktoba, Andaman hupata mvua na mawimbi makali, na Samui ikapata nafuu. Ni pepo zile zile za Bahari ya Hindi zilizokuwa zikileta majahazi Mombasa na Zanzibar kisha kuyarudisha Uarabuni na India. Kwa hiyo unachagua mwezi kwanza, kisha kisiwa, kisha ufukwe. Banda ni la mwisho. Wakala wenu ameanza na banda.

Kwa fungate ya mwisho wa Novemba ningewapeleka Koh Lanta. Mnaruka mpaka Bangkok, mnaunganisha ndege ya ndani hadi Krabi, kisha mnapanda basi dogo. Basi huvushwa kwa pantoni hadi Lanta Noi, kisiwa kidogo, halafu hupita daraja lililofunguliwa mwaka 2016 hadi Lanta Yai, ambako fukwe zenyewe ziko. Kutoka uwanja wa ndege wa Krabi hesabuni kama saa mbili mpaka tatu, kutegemea foleni ya pantoni.

Fukwe zote za maana ziko upande wa magharibi, na kila jioni jua linazama mbele yenu. Klong Dao, kaskazini, ni ya watu wenye watoto. Inayofuata inaitwa Phra Ae, au Long Beach, ndefu ya kutembea, na mikahawa ya mbao imejipanga kwenye mchanga. Kwa maharusi napenda Kantiang, kusini kabisa, ghuba ndogo iliyozungukwa na vilima vyenye msitu. Hapo hakuna kelele, na maduka ni machache, kwa hiyo dawa na vitu vidogo nunueni mjini kabla ya kushuka.

Siku moja vukeni upande wa mashariki hadi mji wa zamani, Lanta Old Town. Ni barabara moja tu ya nyumba za mbao za wafanyabiashara wa zamani, mbele duka, nyuma nyumba imesimama juu ya nguzo ndani ya maji. Unakaa kwenye sakafu ya mbao unakula samaki, na maji unayaona yakipita chini ya miguu yako kwenye nafasi za mbao. Wenyeji wengi wa Lanta ni Waislamu, mtasikia adhana, kwa hiyo mkitoka ufukweni vaeni nguo kabla ya kuingia kijijini.

Angalizo moja: mwisho wa Novemba msimu ndio kwanza unafunguka. Hoteli nyingine bado zinapaka rangi. Kabla ya kulipa iandikie hoteli yenyewe, si wakala, uliza mambo matatu: mkahawa umeshafunguliwa? Kuna ujenzi jirani? Waweza kunitumia picha ya leo iliyopigwa ukiwa umekaa kitandani, ukitazama nje? Nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi vya kutosha kujua kwamba hoteli isiyo na cha kuficha hutuma picha hiyo siku hiyo hiyo. Na mwambie Ssenga wako kwamba bei ya kuanzia tarehe 20 Desemba ndiyo hupanda kweli. Yenu ya Novemba haitawakimbia.

*Dada, asalaam aleikum. Sisi ni familia ya Kiislamu, mume, mke na watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Tumeweka akiba ya likizo ya Agosti, muhula wa pili ukiisha. Watoto wamezoea mto tu, bahari hawajaiona. Je, Samui inatufaa? Na chakula tutakipataje?*
Mama wa watoto watatu, Arua

Waaleikum salaam, mama. Agosti Samui inawafaa, na nyie ndio hasa nilikuwa nawafikiria nilipoandika mara ile. Mvua za hapa na pale zipo, ila siku nyingi ni za jua. Watu wa Ulaya nao wako likizo mwezi huo, kwa hiyo wahini kuweka nafasi.

Achaneni na Chaweng. Mchanga wake ni mzuri, sikatai, lakini muziki wa baa unakesha, na familia yenye watoto hailali. Nitawapa sehemu tatu. Choeng Mon, pembe ya kaskazini mashariki, ni ghuba ndogo, maji yametulia, na mzazi anaona ufukwe wote akiwa amekaa. Bophut, kaskazini, ina kijiji cha zamani cha wavuvi ambapo kila Ijumaa jioni barabara hugeuka soko la chakula. Na Lipa Noi, magharibi, maji yake ni mafupi sana. Mtoto anatembea mbali na bado maji yako magotini.

Mimi mwenyewe hulala Mae Nam, kati ya Bophut na bandari ya Nathon. Mchanga wake ni mkavu na una chembe kubwa, haupigi picha nzuri, ndiyo maana bei yake iko chini. Mabanda ya mbao yako chini ya minazi, yenye feni, kibaraza na machela. Chumba rahisi cha feni hupatikana kwa baht 500 hadi 1,000 kwa usiku, na baht moja huzunguka shilingi mia moja na kitu za kwetu. Bibi mwenye mabanda huamka kabla ya jua, akafagia mchanga wote wa mbele kwa fagio la chelewa, mstari kwa mstari, mpaka unaona aibu kuukanyaga. Kila nazi iliyodondoka usiku anaiweka kwenye shina la mnazi wake. Akimaliza huweka kikombe cha maua na ubani kwenye kijumba kidogo cha sala kilicho juu ya nguzo uani. Waambieni watoto wasikiguse. Nyumba nyingi zinacho, na kwao ni kitu cha heshima kubwa.

Kwa familia ya watu watano chukueni mabanda mawili yanayogusana, au nyumba moja yenye jiko. Msikubali kusongwa kwenye chumba kimoja chenye magodoro ya kuongeza, hata kama bei inavutia. Bafuni, kando ya choo, mtakuta mpira wa maji wa kujisafishia karibu kila mahali, na jambo hilo huwapa raha watu wetu kuliko wanavyotarajia.

Chakula: kusini mashariki mwa kisiwa kuna Hua Thanon, kijiji cha wavuvi Waislamu, na msikiti wao upo. Asubuhi nendeni soko lao la samaki. Ulizeni khao mok gai, wali wa manjano wenye viungo na kuku. Mkila kwa macho yaliyofumba mtadhani ni biriani ya harusi. Kwingineko kisiwani tafuteni alama ya halali ya kijani yenye maandishi ya Kiarabu. Mahali pasipo na alama, msidhani samaki au mboga ni salama tu, kwa sababu nguruwe hutumika hata katika supu na mchuzi. Jioni watafuteni wauza roti wenye vigari: unga unatandazwa mwembamba, yai na ndizi ndani, unakunjwa na kukatwa. Mtoto aliyekua na rolex ya barabarani, ile chapati yetu ya mayai, hahitaji kufundishwa.

Sasa bahari, na hapa mnisome polepole. Mtu aliyezoea mto au ziwa hajui kupwa na kujaa. Asubuhi maji yako karibu na kibaraza, mchana yamerudi mbali, na pale ulipoogelea pana matumbawe yanayokata nyayo. Viatu vya mpira vya kuingilia majini ni vya lazima. Jambo zuri ni kwamba kichocho kinachotutisha ziwani, ndani ya maji ya chumvi hakipo.

Lakini wapo yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaounguza. Katika maji ya Samui na Phangan kuna aina ya yavuyavu mwenye umbo la sanduku, mwili wake karibu hauonekani majini, na sumu ya mikia yake imeua watu. Hatokei kila siku, wala sisemi ili mkae vyumbani. Wavalisheni watoto nguo za kuogelea za mikono na miguu mirefu, ambazo mnazipenda hata hivyo, na msiogelee usiku. Kwenye fukwe nyingi utaona nguzo yenye chupa ya siki. Siku ya kwanza mpelekeni kila mtoto akaione ilipo. Mtu akiguswa, mtoeni majini, mmiminieni siki nyingi palipoungua, msisugue, msioshe kwa maji ya bomba, na muiteni gari la wagonjwa papo hapo.

Kufika Samui kwa ndege kuna gharama kubwa, kwa sababu uwanja ule, uliofunguliwa 1989, ni mali ya shirika la ndege la Bangkok Airways, na ndege zake ndizo nyingi. Watu watano mtaumia. Rukeni mpaka Surat Thani bara, au pandeni treni ya usiku kutoka Bangkok hadi hapo. Kisha basi hadi bandari ya Don Sak, na kivuko kikubwa cha magari kwa kama saa moja na nusu. Watoto watakipenda kivuko kuliko ndege.

*Shangazi, karatasi gani ninahitaji? Kila mtu ananiambia lake.*
Muuguzi, Mbale

Viza, kadi ya manjano, fomu ya kuingia. Mwenye pasipoti ya Uganda anaomba viza kabla ya kusafiri. Maombi hufanywa kwa intaneti, na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi ndio unaotuhudumia. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukishuka Bangkok nenda kwanza kwenye meza ya afya, wagonge muhuri, ndipo ujipange mstari wa uhamiaji. Nimeona watu wetu wakisimama mstari mrefu wa uhamiaji, wakafika mbele, wakarudishwa nyuma kwa sababu walipitiliza ile meza. Kama ulichanjwa zamani na kadi unayo, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema chanjo moja inatosha maisha yote. Fomu ya kuingia sasa ni ya kidijitali: ilianza tarehe 1 Mei 2025, hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikudai pesa ya fomu hiyo, si ya serikali, ifunge.

*Habari za kazi, dada. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, duka langu liko karibu na Kikuubo. Huwa naenda Bangkok kununua mzigo soko la Pratunam, kisha nakaa hotelini siku tatu nne nikisubiri mzigo ufungwe. Nimechoka na joto la mji. Kuna kisiwa cha karibu ambacho sitatumia ndege?*
Mfanyabiashara, Kampala

Koh Samet, ndugu yangu, na utajiuliza kwa nini hukwenda mapema. Panda basi asubuhi kituo cha Ekkamai, kilicho kwenye njia ya treni ya juu, kwenda Ban Phe, mkoa wa Rayong. Ni kama saa tatu na nusu. Pale pale mbele ya kituo kuna gati, na boti hukuvusha kwa muda usiozidi saa moja. Kisiwa ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 1981, kwa hiyo utalipa kiingilio, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji.

Ni kisiwa chembamba, mchanga mweupe sana, na mvua yake ni kidogo kuliko visiwa vingi vya huko. Ufukwe wa kwanza, Sai Kaew, una watu na biashara nyingi. Wewe unatoka Pratunam, unataka kinyume chake, basi chukua gari lile la wazi la abiria hadi Wong Duean au fukwe ndogo zaidi za kusini. Jambo la kuzingatia ni siku. Ijumaa jioni Bangkok nzima huhamia Samet, bei zikapanda na vyumba vikajaa. Ingia Jumapili jioni wao wanapotoka, ukae mpaka Jumatano. Wenye nyumba huwa wamepumzika, wana muda wa kukukaangia samaki utakavyo, na bei inazungumzika ukiiomba kwa tabasamu. Sauti ya juu usiipandishe. Ile bidii yetu ya kuvutana bei kama tuko soko la Owino, kule inachukuliwa kuwa matusi, na mtu atanyamaza akuache.

Risiti za mzigo, acha nakala moja kwa aliyeufunga, nyingine tembea nayo.

*Shangazi, nina miaka 23, nimesomea saluni. Kaka mmoja niliyekutana naye mtandaoni amenitafutia kazi ya kusuka nywele za watalii hotelini katika kisiwa cha Phuket, dola 900 kwa mwezi, chakula na malazi bure. Tiketi anakata yeye. Ameniambia niingie kwa viza ya utalii, ya kazi itatengenezwa nikifika. Naomba uniambie hoteli za huko zikoje ili nijiandae.*
Binti, Masaka

Mwanangu, nimesoma barua yako zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Usiende.

Sikukatazi kusafiri wala kufanya kazi nje. Nakwambia kile ninachokijua kuhusu kazi hiyo. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi Thailand, hata siku moja. Mwajiri wa kweli hutayarisha karatasi za kampuni yake, nawe unaomba viza ya kazi ubalozini ukiwa bado nyumbani. Tena kazi ya kutengeneza nywele iko katika orodha ya kazi ambazo sheria ya Thailand imewatengea raia wao wenyewe. Hakuna hoteli ya Phuket itakayokuandika kazi hiyo kihalali, iwe kwa dola 900 au kwa 200.

Kinachowapata wengi wanaopokelewa Bangkok kwa ahadi za namna hii ni kwamba gari haliendi kusini baharini. Linakwenda kaskazini magharibi hadi Mae Sot, mji wa mpakani, kisha wanavushwa mto hadi Myawaddy, upande wa Myanmar. Huko wamejengewa majumba yenye kuta na walinzi, pasipoti zinachukuliwa, na wanalazimishwa kukaa kwenye kompyuta usiku na mchana kutapeli watu. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika majumba hayo, na raia wa Uganda wamekuwa miongoni mwa waliokwama huko. Mae Sot haina bahari. Ukiona jina hilo kwenye tiketi au kwenye ujumbe wowote, ujue hakuna hoteli ya ufukweni mwisho wa safari hiyo.

Fanya hivi wiki hii. Mwombe huyo kaka jina kamili la hoteli, kisha tafuta mwenyewe namba ya hoteli hiyo, si aliyokupa yeye, uwapigie. Mwombe jina la kampuni yake ya ajira, ulinganishe na orodha ya kampuni zenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii hapa Kampala. Pasipoti yako usimpe mtu akuhifadhie. Na mwonyeshe mama yako au shangazi yako wa nyumbani ujumbe wote, bila kufuta hata mmoja. Ukitaka kazi za hoteli, niandikie tena. Hapa Entebbe na Jinja kuna mahali wanapohitaji msusi mzuri, na barua ya namna hiyo nitaijibu kwa furaha kubwa.

*Shangazi, mimi ni mtu wa boda, miaka kumi na mbili barabarani Kampala. Mteja wangu mmoja anataka tufuatane Samui, mimi nimwendeshe kwa pikipiki ya kukodi. Kuna ugumu?*
Mwendeshaji, Ntinda

Ujuzi unao, na huko wanaendesha kushoto kama sisi. Barabara kuu ya Samui inakizunguka kisiwa kizima, kama kilomita hamsini, na ni nzuri. Shida iko kwenye njia za kupanda vilimani, ambazo ni mwinuko mkali, na kwenye kona zenye mchanga uliopeperushwa na upepo.

Ugumu wa pili ni karatasi. Unahitaji leseni ya kimataifa iliyogongwa sehemu ya pikipiki. Bila hiyo, ukianguka, bima ya safari haitakulipia, na matibabu ya hospitali binafsi kisiwani ni ghali sana. Helmeti vaeni wote wawili, polisi husimamisha. Mwenye pikipiki akitaka kubaki na pasipoti yako kama dhamana, mwambie utaacha pesa, akikataa nenda duka la pili. Kabla hujaiwasha, izunguke ukiipiga video, kila mkwaruzo uonekane, naye awe amesimama hapo anaona. Kumbuka pia kwamba wewe huko ni mgeni wa mteja wako. Ukibeba abiria wengine kwa malipo, hiyo ni kazi, na yale niliyomwambia binti wa Masaka kuhusu viza yanakuhusu.

*Mheshimiwa, mimi ni mwalimu mstaafu. Nataka wiki mbili za kusoma vitabu na kutembea ufukweni, mwezi wa Machi. Mwanangu anasema niende Koh Phangan, lakini jirani ameniambia huko ni ulevi mtupu na muziki mpaka asubuhi.*
Mwalimu mstaafu, Fort Portal

Mwalimu, shikamoo. Mwanao na jirani wote wamesema kweli, ila wanazungumzia ncha mbili za kisiwa kimoja. Sherehe ile ya mwezi mpevu hufanyika Haad Rin, ncha ya kusini mashariki, na vijana hufika kwa maelfu. Wewe utashuka bandari ya Thong Sala, nusu saa kwa boti kutoka Samui, na utapanda gari kuelekea kaskazini moja kwa moja. Chaloklum ni kijiji cha wavuvi, na jioni wanatengeneza taa za boti za ngisi mbele yako. Thong Nai Pan ni ghuba mbili pacha zilizokingwa na vilima. Machi bahari ya Ghuba imetulia na mvua ni haba.

Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuweka tarehe. Siku chache kabla na baada ya mwezi mpevu boti hujaa na bei za vyumba hupanda kisiwa kizima, hata kaskazini. Fika mwezi ukiwa unapungua, wiki mbili zako zitaisha kabla haujajaa tena.

Omba banda lenye kibaraza kinachotazama kaskazini au mashariki, upate kivuli cha kusomea alasiri. Uliza kama taa ya kitandani ipo, kwa sababu mabanda mengi yana balbu moja tu darini. Mbu wa huko wanaoeneza homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ikae mezani pamoja na kitabu. Na nunua adapta ya umeme kabla hujaondoka, maana plagi zetu za pini tatu nene haziingii kwenye soketi zao.